Kitufe cha makro kwenye shiti: Excel, Google Sheets au LibreOffice, uchukue kipi?

Kabla hujagusa chochote jiulize swali moja, hicho kitufe atakibonyeza nani na akiwa kwenye kifaa gani? Wengi wanaanza na "naweka vipi batani kwenye Excel", wanafuata maelekezo ya kwanza wanayokutana nayo, kitufe kinafanya kazi vizuri tu kwenye kompyuta yao, wanatupia faili kwenye grupu la WhatsApp na hapo ndo vurugu zinaanza. Mmoja anasema nabonyeza hamna kitu, mwingine yuko kwenye simu kitufe hakimjibu, mwingine ana Mac kitufe kimekufa kabisa, na wewe uliyetengeneza unabaki kusema "mbona kwangu inakubali".

Kwa hiyo hapa nalinganisha njia ambazo watu wanazitumia kweli, na nitatumia mfano mmoja tu ili tusipotee, daftari la kikoba. Kuna shiti inaitwa Ingizo, mweka hazina anajaza jina la mwanachama kwenye seli C4, hela ya hisa C5, rejesho la mkopo C6. Shiti ya pili inaitwa Daftari, huko kila malipo yanakaa mstari wake na tarehe yake. Tunataka kitufe kimoja cha "Weka Malipo", ukibonyeza yale ya Ingizo yanahamia Daftari mstari wa chini kabisa, halafu Ingizo inabaki nyeupe kumsubiri mwanachama anayefuata. Kama wewe una duka la vifaa vya ujenzi au uko na mahudhurio ya darasa mantiki ni ile ile, badilisha majina tu.

Halafu kitu kimoja ambacho kinawachanganya wageni, makro ni kitu kimoja na kitufe ni kitu kingine. Makro ndo kazi yenyewe, yaani maelekezo yaliyoandikwa ambayo programu inayafuata, kitufe ni cha kuiita tu. Maana yake leo unaweza ukaweka kitufe cha aina hii, kesho ukakifuta ukaweka cha aina nyingine, makro haijaguswa hata herufi moja.

Excel: aina tatu, kwa macho zinafanana

Kwenye Excel ya kompyuta una kitufe cha Form Control, una umbo la kawaida ulilolipa makro, na una kitufe cha ActiveX. Ukiviangalia unaweza kudhani ni kitu kimoja, ila tabia zao ni tofauti sana.

Form Control kwanza. Inabidi utoe sehemu ya Developer maana huwa imefichwa, nenda File, Options, Customize Ribbon, upande wa kulia weka tiki kwenye Developer. Ukirudi, bonyeza Developer, Insert, chukua Button kwenye lile kundi la juu, buruta mausi uchore, ukiachia tu kinakuja kiboksi cha Assign Macro kinakuuliza makro ipi, unachagua, OK, imeisha hiyo. Ukishikilia Alt wakati unachora kinajipanga chenyewe kwenye mistari ya seli na kinakaa safi. Uzuri wake ni kwamba hakina mambo mengi, kinafanya kazi Windows na Mac, hata kwenye zile kompyuta za stationery zenye Excel 2010 mpaka leo, na ukikibonyeza kinabonyea kweli, unaona kimeingia ndani kikatoka. Ubaya wake ni ukijivu. Rangi ya nyuma haibadiliki, unabadilisha fonti na rangi ya maandishi basi, ukiwa na vitufe vingi vyote vinafanana, na mtu mwenye haraka atabonyeza "Futa" akidhani ni "Weka".

Umbo ndo wengi wangetakiwa kuanza nalo, na hawalijui. Insert, Shapes, chora mstatili wenye kona za mviringo, andika maneno ndani, raiti kliki, Assign Macro, chagua. Hata Developer huihitaji hapo, na makro yenyewe unaiandika kwa kubonyeza Alt+F11. Rangi unaweka unayotaka, Weka iwe kijani na Futa iwe nyekundu, ukipenda unaweka hata nembo ya kikundi maana picha nayo inapokea makro vile vile. Ila haibonyei, haioneshi dalili yoyote kwamba imeguswa, kwa hiyo mtu asiyezoea anabonyeza tena na tena. Dawa yake ni makro imalizie na ujumbe mfupi, "Imeingia", basi anatulia.

Na umbo lina vituko vyake viwili ambavyo ukishavijua havikusumbui. Ukitaka kulihamisha ukaligusa, makro inakimbia, kwa hiyo shikilia Ctrl ndo ubonyeze, litachaguliwa bila kuita kitu. Cha pili, mtu akificha mistari au akipanua safu, umbo linabanwa nalo au linavutwa linakuwa refu kama mkanda. Raiti kliki, Format Shape, tafuta Properties, weka Don't move or size with cells. Hapo hapo ondoa tiki ya Print object kama hutaki kitufe kionekane kwenye karatasi unayochapa, maana ripoti ya kikundi yenye "BONYEZA HAPA" katikati inachekesha.

Kama una vitufe vingi vya kufanana, mfano kitufe kwa kila mwezi, usiandike makro kumi na mbili. Andika moja, ndani yake uliza Application.Caller, itakupa jina la umbo lililobonyezwa na wewe unaamua kutokana na hilo jina. Inakubali kwa maumbo na kwa Form Control.

ActiveX sasa. Hiki ndo kina mapambo mengi, dirisha zima la Properties, rangi, matukio ya mausi kupita juu yake, mambo kibao, na mafunzo mengi ya zamani yanakielekeza hicho. Mimi ushauri wangu ni usikiguse kwa faili jipya. Mac hakifanyi kazi. Desemba 2014 kulikuja sasisho la usalama la Microsoft likavunja vitufe vya ActiveX kwenye kompyuta nyingi sana, watu ikabidi waingie kufuta mafaili ya .exd kwenye folda za muda ndo viamke. Kina tabia ya kubadilika ukubwa chenyewe ukichomeka projekta au skrini nyingine, mara kimekuwa kidogo mara maandishi yamejaa. Na msumari wa mwisho, kuanzia Office 2024 Microsoft wameizima ActiveX kama mpangilio wa kawaida, na Microsoft 365 ikafuata Aprili 2025, kwa hiyo mwenzako akifungua faili lako kwenye Excel mpya kitufe kipo pale kama picha tu na hamna hata swali linaloulizwa. Kama una faili la zamani lina ActiveX, chora umbo pembeni yake, lipe makro ile ile, futa cha zamani.

Makro yenyewe ya mfano wetu hii hapa, inakaa kwenye Module ya kawaida, yaani ukishafungua Alt+F11 bonyeza Insert, Module, bandika:

```
Sub WekaMalipo()
    Dim m As Worksheet, d As Worksheet, r As Long
    Set m = ThisWorkbook.Worksheets("Ingizo")
    Set d = ThisWorkbook.Worksheets("Daftari")
    If m.Range("C4").Value = "" Then
        MsgBox "Jaza jina la mwanachama kwanza"
        Exit Sub
    End If
    r = d.Cells(d.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row + 1
    d.Cells(r, 1).Value = Date
    d.Cells(r, 2).Value = m.Range("C4").Value
    d.Cells(r, 3).Value = m.Range("C5").Value
    d.Cells(r, 4).Value = m.Range("C6").Value
    m.Range("C4:C6").ClearContents
    MsgBox "Imeingia"
End Sub
```

Ule mstari wenye xlUp ndo moyo wa kitu kizima, unaenda chini kabisa ya shiti halafu unapanda mpaka ukutane na mstari wa mwisho wenye kitu, ukiongeza moja unapata mstari mtupu. Ukisharekebisha majina ya shiti na seli yafanane na yako inakimbia kama ilivyo.

Hapo kuna jambo la hela za watu, kwa hiyo sikiliza vizuri: makro ya Excel ikishakimbia, Ctrl+Z imekufa. Haurudishi nyuma, historia yote ya kurudisha inafutika. Kitufe cha "Futa" kwenye daftari la kikoba bila swali la "Una uhakika?" ni kutafutana ubaya na wanachama.

Kutuma faili ndo mtihani wa Excel

Faili lihifadhi kama .xlsm. Ukihifadhi .xlsx makro inatupwa, kitufe kinabaki na kila mtu akikibonyeza anapata ujumbe kwamba makro haipatikani. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba tangu 2022 Microsoft wanazuia makro kwenye mafaili yaliyotoka intaneti. Zamani ulikuwa unaona ule mstari wa njano, unabonyeza Enable Content unaendelea. Siku hizi kwa faili lililopakuliwa unaona mstari mwekundu umeandikwa SECURITY RISK na hamna sehemu ya kuruhusu hapo, kuna Learn More tu.

Kinachofanyika ni kwamba Windows inaligongea alama faili lililotoka mtandaoni, na Excel inaisoma ile alama. Ndo maana faili lile lile ukilileta kwa flashi linafunguka freshi, ukilituma kwa barua pepe au mtu akalipakua kwenye WhatsApp ya kwenye kivinjari linagoma, flashi nyingi zimeformatiwa FAT32 au exFAT na hizo hazibebi ile alama. Cha kufanya, mwambie aliyepokea afunge faili, aende lilipo, raiti kliki, Properties, chini kabisa pale General kuna kiboksi cha Unblock, aweke tiki, OK, afungue tena. Mara moja tu kwa faili hilo. Kama ni ofisi na mafaili yanakuja kila siku bora kutenga folda moja na kuiweka kwenye Trusted Locations kule Trust Center, ila isiwe folda ya Downloads jamani, utakuwa umefungua mlango kwa kila kitu.

Mtego mwingine wa Excel unaotokea mwisho wa mwaka. Mweka hazina anataka faili la mwaka mpya, anachukua shiti ya Ingizo na Daftari anazinakili kwenda faili jipya. Vitufe vinaenda navyo, ila bado vinaita makro iliyoko kwenye faili la mwaka jana. Akibonyeza, Excel inalifungua lile la zamani, na kwa vile makro yetu inasema ThisWorkbook inaangalia Ingizo ya mwaka jana, inaikuta tupu, inamwambia jaza jina kwanza wakati jina analiona hapo mbele yake. Utakesha unatafuta kosa. Mwaka mpya fanya Save As ya faili zima, safisha Daftari, anza.

Na simu sahau. Excel ya kwenye simu na Excel ya kwenye kivinjari hazikimbizi makro za VBA (ndo lugha ya makro za Excel, kama ile ya hapo juu), kitufe unakiona lakini hakifanyi kitu. Kwa upande wa kivinjari Microsoft wameweka Office Scripts, unaandika kwa lugha ya TypeScript na unaweza kuweka kitufe chake ndani ya shiti, kizuri tu, ila inataka akaunti yenye leseni ya Microsoft 365, kwa hiyo kwa kikundi cha mtaani hiyo ipite.

Kuna watu pia wanaweka makro kule juu kwenye Quick Access Toolbar. Hiyo ni kwa matumizi yako peke yako, makro inakaa kwenye PERSONAL.XLSB, faili lako binafsi la makro, unaitumia kwenye faili lolote unalofungua. Mwenzako haipati.

Google Sheets: kitufe cha mchoro au kisanduku cha tiki

Huku hakuna VBA, kuna Apps Script ambayo inaandikwa kwa lugha ya JavaScript, unaipata Extensions, Apps Script. Makro zako za Excel hazihami, ukipandisha .xlsm inafunguka kama shiti lakini msimbo hauji, inabidi uandike upya. Kurekodi makro kupo, tangu 2018, Extensions, Macros, Record macro, kwa hiyo usiogope kabisa.

Njia ya kwanza ni mchoro. Insert, Drawing, chora mstatili andika "Weka Malipo", Save and Close. Bonyeza vile vidoti vitatu kwenye kona yake, Assign script, andika jina la function, yaani kipande cha msimbo kinachofanya kazi hiyo. Jina tu, bila mabano. Ukiandika wekaMalipo() na mabano yake, au herufi kubwa na ndogo zikipishana, utaambiwa Script function could not be found. Ukitaka kukihamisha baadaye, raiti kliki ndo kinachaguliwa.

Mtu akikibonyeza mara ya kwanza Google inaomba ruhusa, na hapo kila mtumiaji anaombwa ya kwake. Kinatokea kile kioo cha kutisha cha Google hasn't verified this app, inabidi abonyeze Advanced halafu aendelee. Kwa script uliyoandika wewe mwenyewe hamna shida, lakini mwambie mweka hazina mapema, mama wa watu asije akadhani ametapeliwa. Na aliyepewa haki ya kuangalia tu hawezi kuitumia, lazima awe na haki ya kuhariri.

Sasa pigo lenyewe, mchoro haufanyi kazi kwenye apu ya simu. Unaonekana, ukigusa kimya. Ile menyu ya juu unayoweza kuitengeneza kwa createMenu nayo simuni haitokei. Na vikundi vyetu vingi mweka hazina kompyuta hana, ana simu, anakusanya hela chini ya mwembe anaingiza pale pale.

Ndo linakuja suala la kisanduku cha tiki, ambacho kwa maoni yangu ndo kitufe bora zaidi cha bure kwa watu wa simu japo hakifanani na kitufe. Weka kisanduku kwenye seli C8, Insert, Checkbox, pembeni yake D8 andika "Gusa hapa kuweka malipo", paka seli rangi ya kijani. Halafu msimbo:

```
function onEdit(e) {
  const s = e.range.getSheet();
  if (s.getName() !== 'Ingizo') return;
  if (e.range.getA1Notation() !== 'C8') return;
  if (e.range.getValue() !== true) return;
  wekaMalipo();
  e.range.setValue(false);
}

function wekaMalipo() {
  const f = SpreadsheetApp.getActive();
  const m = f.getSheetByName('Ingizo');
  const v = m.getRange('C4:C6').getValues().map(x => x[0]);
  if (v[0] === '') return;
  f.getSheetByName('Daftari').appendRow([new Date(), ...v]);
  m.getRange('C4:C6').clearContent();
}
```

Mtu akigusa kisanduku, onEdit inaamka yenyewe, inaangalia kama ni seli C8 kweli, inahamisha malipo, inaondoa tiki. Tiki ikitoka yenyewe na C4 mpaka C6 zikabaki nyeupe maana yake kazi imeisha, na hiyo ndo dalili ambayo umbo la Excel halina. Inakubali kwenye simu na kwenye kompyuta, na uzuri mwingine onEdit ya hivi haiombi ruhusa yoyote, kile kioo cha kutisha hakitokei.

Bei yake ni mipaka. onEdit ya kawaida ina sekunde 30 tu za kufanya kazi, na haiwezi kugusa vitu vinavyohitaji ruhusa, mfano kumtumia mwanachama barua pepe ya risiti. Ukitaka hayo nenda kwenye Triggers pale kwenye Apps Script, ile alama ya saa, ongeza trigger (kiamsha msimbo) ya On edit iite function yenye jina lingine, mfano nikibonyezwa, na ile onEdit uifute au uibadilishe jina, la sivyo zote mbili zitaamka kwa tiki moja na malipo yanaweza kuingia mara mbili. Barua pepe nazo zina kikomo, akaunti ya Gmail ya kawaida ni wapokeaji 100 kwa siku, kwa kikoba ni nyingi kupita kiasi.

Hiyo trigger ya kuongeza ina siri moja tamu ambayo peke yake inaweza kukufanya uchague Google Sheets. Inakimbia kwa jina lako wewe uliyeiweka, siyo kwa jina la aliyegusa. Kwa hiyo unaweza kuifunga shiti ya Daftari kabisa, Protect sheet, wewe peke yako ndo mwenye haki, na mweka hazina akiweka tiki malipo yanaingia vizuri ila yeye hawezi kwenda Daftari kubadilisha 50,000 iwe 5,000. Kitufe cha mchoro hakiwezi hilo maana chenyewe kinakimbia kwa haki za aliyebonyeza, Daftari ikiwa imefungwa kwake kinakwama. Juu ya hapo una Version history, kila mabadiliko yanaonekana. Kwa hela za kikundi hii ni silaha.

Ubaya wa jumla wa Google ni mtandao. Script inakimbia kwenye kompyuta za Google, siyo kwako, kwa hiyo bando likiisha kitufe hakina kazi, na mtandao ukiwa wa kobe unasubiri sekunde kadhaa kitu ambacho Excel inafanya papo hapo. Na msiruhusu watu wawili watumie Ingizo moja kwa wakati mmoja, mmoja atafuta jina la mwenzake anayejaza, mpe kila mtu Ingizo yake na kisanduku chake, Daftari ibaki moja.

LibreOffice Calc

Hii naipitia haraka. Ni ya bure kabisa na halali, Windows, Mac, Linux, na haihitaji mtandao. View, Toolbars, Form Controls, chukua Push Button, chora, raiti kliki, Control Properties, nenda Events, kwenye Execute action chagua makro. Watu wanakwama sehemu moja tu, Design Mode ikiwa imewashwa kitufe hakijibu, kinachaguliwa tu, izime ndo kinaanza kufanya kazi. Rangi ya nyuma inabadilika, tofauti na ile ya kijivu ya Excel. Makro inahifadhiwa ndani ya .ods ya kawaida, hamna habari za xlsm.

Usalama wake umewekwa High, makro zisizo na sahihi hazikimbii, kwa hiyo Tools, Options, Security, Macro Security, aidha uishushe Medium iwe inauliza au, bora zaidi, uiongeze folda yako kwenye Trusted Sources. VBA inaielewa kiasi, makro fupi kama hii yetu mara nyingi inapita ukiweka Option VBASupport 1 juu kabisa, zile ndefu zenye mbwembwe zinakatika njiani. Kama ofisi yenu yote iko kwenye LibreOffice, chukueni hii bila wasiwasi. Kama nusu wako Excel nusu wako huku, usiweke makro, mtagombana.

Kwa wanaotaka kuona kwa jicho moja:

| Njia | Windows | Mac | Simu | Bila mtandao |
|---|---|---|---|---|
| Excel, Form Control | ndiyo | ndiyo | hapana | ndiyo |
| Excel, umbo | ndiyo | ndiyo | hapana | ndiyo |
| Excel, ActiveX | imezimwa kwenye mpya | hapana | hapana | ndiyo |
| Google Sheets, mchoro | ndiyo | ndiyo | hapana | hapana |
| Google Sheets, tiki | ndiyo | ndiyo | ndiyo | hapana |
| LibreOffice, Push Button | ndiyo | ndiyo | hapana | ndiyo |

Sasa wewe uko wapi

Uko peke yako, kompyuta moja, Excel ipo, umeme na mtandao wa kubahatisha: umbo, usifikirie mara mbili. Kompyuta ya duka inayotumiwa na vijana wa zamu, umbo pia, ila viweke vitufe mistari ya juu halafu fanya Freeze Panes, vinginevyo wakishuka chini vinapotea na watasema vimefutwa. Na funga shiti, Protect Sheet, lile tiki la Edit objects usiliweke, vitufe vitabonyezeka ila hakuna wa kuvivuta wala kuvifuta. Makro itakwama ikijaribu kuandika kwenye seli zilizofungwa, kwa hiyo ifungue mwanzoni kwa Unprotect na kuifunga mwishoni kwa Protect, au Workbook_Open iifunge kwa UserInterfaceOnly:=True (mtu anazuiwa, makro inapita) kila faili linapofunguliwa, maana hiyo haikumbukwi ukifunga faili. Nenosiri usilitegemee kama ulinzi wa hela, ni la kuzuia vidole tu.

Kompyuta za zamani zilizochanganyika, hujui nani ana Excel gani, Form Control ya kijivu ndo haina maneno.

Kikundi, watu zaidi ya mmoja wanaingiza, hata mmoja tu kati yao yuko kwenye simu, Google Sheets na kisanduku cha tiki, trigger uiweke wewe au katibu mnayemwamini, Daftari ifungwe. Ila huyo mwenye trigger akifunga akaunti yake au akaitoa ruhusa, kila kitu kinasimama siku hiyo hiyo, kwa hiyo afadhali fungueni akaunti ya Gmail ya kikundi, trigger iwekwe kwa hiyo, nenosiri wabaki nalo viongozi wawili.

Na chochote utakachochagua, kabla hujawapa watu jaribu kwa majina ya uongo, bonyeza bila kujaza kitu, bonyeza haraka haraka mara kadhaa, jaza herufi kwenye sehemu ya hela. Hii ya mwisho makro zote mbili nilizoweka hapo juu haziizuii. Excel na Google Sheets zote zina Data validation, iweke C5 na C6 zikubali namba tu, mtu akiandika "elfu kumi" akataliwe hapo hapo kabla kitufe hakijaguswa.